Nyumba katika Florence: mbele ya bei, sheria ya Italia inauliza swali juu ya Kongo

Mkongomani mwenye kutafuta nyumba katika Florence, mji wa Italia unaojulikana dunia nzima kwa picha, sanamu na makanisa yake, anaweza kufikiri kwamba kizuizi cha kwanza ni pesa. Pesa itakuja baadaye. Kwanza kuna swali moja ambalo notari anapashwa kupata jibu lake kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa mkataba: je, Muitalia naye anaruhusiwa kununua nyumba katika Kongo?

Swali hilo linatoka katika kifungu cha 16 cha maagizo yanayotangulia Sheria ya Kiraia ya Italia ya mwaka 1942. Kifungu hicho kinasema kwamba mgeni anapewa haki za kiraia ikiwa inchi yake nayo inawapa Waitalia haki hizo hizo. Kwa maneno mengine, nipe nikupe. Raia wa Umoja wa Ulaya hawaulizwi kitu. Kwa wengine, wizara ya mambo ya inchi za kigeni ya Italia ndiyo inaangalia inchi moja moja, na jibu linaweza kuwa ndiyo, hapana, ao ndiyo yenye masharti. Mkataba uliofanywa bila haki hiyo haufai kitu, hata kama bei imelipwa yote.

Kwa Kongo swali hilo lina uzito wa pekee. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 iliamua kwamba udongo wote ni mali ya Leta, na kwamba hauwezi kuuzwa. Kile ambacho watu wa Bukavu, Goma ao Lubumbashi wanaita kununua parsele, mbele ya sheria hiyo ni kupewa haki ya kutumia udongo wa Leta pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake. Haki hiyo ina aina mbili. Konsesio ya milele ni ya mtu mwenye uraia wa Kongo peke yake. Mgeni, Muitalia akiwa ndani, aliwekewa konsesio ya kawaida, ambayo inaandikwa kwa miaka isiyozidi 25 na inaweza kuanzishwa upya. Notari wa Florence akitaka kulinganisha, anakuta upande mmoja mali kamili isiyo na mwisho, upande mwingine haki yenye miaka iliyohesabiwa. Ndiyo maana Mkongomani anayeishi Kongo hapaswi kutuma hata senti ya arubuni mbele ya notari kuchunguza jambo hilo na kulijibu kwa maandishi.

Hali ni nyepesi zaidi kwa yule anayeishi tayari Italia. Mwenye karatasi halali ya kukaa, inayoitwa permesso di soggiorno, aliyopewa kwa sababu ya kazi ao ya biashara yake mwenyewe, hapimwi tena kwa kipimo cha nipe nikupe, wala watu wa jamaa yake wanaokaa naye kwa haki. Mkimbizi aliyetambuliwa naye anatoka katika kipimo hicho kisha kukaa Italia miaka mitatu. Ni kusema, mama wa Uvira anayefanya kazi ya kutunza wazee katika mtaa wa Rifredi, mwenye makaratasi sawasawa, yuko karibu zaidi na nyumba ya Florence kuliko mfanyabiashara tajiri wa Kolwezi anayekuja na visa ya matembezi.

Kuna wanaofikiri njia fupi ni kuchukua uraia wa Italia. Mgeni kutoka inchi isiyo ya Umoja wa Ulaya anaweza kuuomba kisha miaka 10 ya kukaa kwa haki, ao mbele ya hapo kwa njia ya ndoa. Wakongomani wamekwisha kupita njia hiyo na kufika mbali: Cécile Kyenge, aliyezaliwa Kambove katika Haut-Katanga, alikuwa waziri katika serikali ya Italia mwaka 2013 na 2014. Lakini Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Na konsesio ya milele, kama ilivyoonyeshwa, ni ya Mkongomani peke yake. Mtu mwenye parsele ya wazazi kule Kadutu ao Himbi, anayetaka kiti cha Muitalia mbele ya notari, angefanya vizuri kumuona avoka wa nyumbani kabla ya kuweka mkono juu ya kiapo.

Na jambo lingine linapashwa kusemwa wazi, kwa sababu maneno mengi yanazunguka: nyumba haileti visa. Italia ina visa ya wawekezaji, lakini pesa inayohesabiwa pale ni ile inayowekwa katika deni la serikali, katika kampuni ao katika kazi za faida ya watu wote. Nyumba haihesabiwi. Mwenye kununua apartema Florence na kubaki mkaaji wa Kongo ataendelea kuomba visa sawa na mgeni mwingine, na atakaa katika nyumba yake mwenyewe siku 90 tu katika kila siku 180. Komisionere anayeuza nyumba pamoja na ahadi ya makaratasi anauza vitu viwili, na kimoja hakipo. Vilevile zile nyumba za euro moja ambazo picha zake zinatumwa kwa simu: zipo kweli, lakini katika vijiji vinavyobaki bila watu, kama Mussomeli kule Sicilia, na mwenye kuipata anaahidi kuitengeneza yote kwa pesa yake. Hakuna nyumba ya euro moja katika Florence.

Mji uliokatazwa kuuza urithi wake

Bei ya Florence inaeleweka zaidi mtu akijua historia yake. Kwa karibu miaka 300 mji huo ulikuwa katika mikono ya jamaa ya Medici, wenye banki waliogeuka kuwa watawala. Pesa yao na ya matajiri wenzao ililipa wachoraji, wachongaji na wajenzi. Kuba la kanisa kubwa, kazi ya Filippo Brunelleschi, lilimalizwa mwaka 1436 na mpaka leo linaonekana kutoka kila kilima cha pembeni. Juu ya Ponte Vecchio, daraja la kale la mto Arno, maduka ya nyama yaliondolewa mwaka 1593 kwa amri ya mtawala Ferdinando wa Kwanza kwa sababu ya harufu, na wafua zahabu wakawekwa pahali pao. Wako pale hata sasa. Agosti 1944, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakikimbia, yalilipua madaraja mengine yote ya mji na kuliacha hilo peke yake.

Mwaka 1737 mtawala wa mwisho wa Medici alikufa bila mtoto, na mamlaka yakaenda kwa jamaa nyingine kutoka ngambo. Dada yake, Anna Maria Luisa, alifanya mapatano na watawala wapya: picha, sanamu, vitabu na vito vya jamaa yake vitawafuata wao katika mamlaka, lakini hakuna kitu kitakachotolewa Florence. Sababu moja iliyoandikwa katika mapatano hayo ni kwamba vitu hivyo vitavuta wageni. Mwanamke huyo hangeweza kujua ni wageni wangapi watavutwa. Mji una wakaaji karibu 360,000, na katikati yake, sehemu ambayo UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 1982, kuna siku ambapo kupita barabarani ni kazi ya mabega.

Wageni hao ndio wamepandisha bei. Mwenye nyumba aliona kwamba anapata zaidi kwa kukodisha kwa usiku tatu kuliko kwa kukodisha kwa miaka mine, na apartema za katikati zikatoka moja moja katika mikono ya wakaaji. Leo bei ya kati katika Florence ni zaidi ya euro 4,000 kwa mita moja ya mraba, na karibu na kanisa kubwa inapanda mbali kuliko hapo. Chumba kimoja na jiko, katika etaji ya nne bila lifti, vinaweza kumeza pesa ambayo ingejenga nyumba tatu za matofali kule Bunia.

Serikali ya mji imejaribu kufunga mlango. Oktoba 2023 baraza la Florence lilipiga kura ya kuzuia nyumba mpya zisiingie katika biashara ya kukodisha kwa siku chache ndani ya sehemu ya UNESCO. Waliokuwa wameanza mbele waliachwa waendelee, na wengine walikimbilia mahakama. Mwaka 2025 mji ulipiga marufuku pia yale masanduku madogo ya funguo yanayofungwa kwenye milango kwa ajili ya wageni. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, katika Italia yote, nyumba inayokodishwa kwa watalii inapashwa kuwa na namba yake ya taifa, iliyobandikwa mlangoni na kuandikwa katika kila tangazo. Haya yote ni ya maana kwa mwenye kununua kutoka mbali, kwa sababu hesabu anayoonyeshwa na wauzaji wengi ni ile ile: nunua, kodisha kwa watalii, nyumba itajilipa yenyewe. Katikati ya Florence hesabu hiyo inaweza kuwa imekufa siku anapopata ufunguo.

Kuta za kale zina mwenyewe mwingine

Nyumba nyingi za katikati zilijengwa mamia ya miaka iliyopita, na zile zilizotangazwa kuwa za thamani ya utamaduni zinalindwa na sheria ya mwaka 2004 juu ya urithi. Mwenye nyumba ya namna hiyo hawezi kubomoa ukuta, kubadilisha dirisha ao kung'oa sakafu ya zamani bila ruhusa ya ofisi ya urithi, Soprintendenza. Chini ya rangi nyeupe ya chumba cha kulala kunaweza kupatikana picha ya ukutani ya zamani. Ni bahati kwa historia, lakini kazi ya mafundi inasimama.

Wanunuzi wengi wanashangaa zaidi wanapojua jambo hili: nyumba yenye ulinzi huo ikiuzwa, Leta ina haki ya kuinunua yenyewe kwa bei ile ile iliyoandikwa katika mkataba. Kisha kutia sahihi, uuzaji unatangazwa kwa wizara, na kuanzia hapo kuna siku 60. Ndani ya siku hizo mkataba umelala. Mwenye kuuza harusiwi kukabizi nyumba. Mara nyingi serikali haina pesa wala hamu, siku zinapita na mnunuzi anaingia. Lakini yule aliyekwisha kukata tiketi ya ndege na kufungasha sahani zake atangojea.

Kuna pia maji. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulivunja kingo zake usiku na kuingia katika mji. Katika mtaa wa Santa Croce maji yalipita mita nne, yakiwa yamechanganyika na matope na mazuti ya kupashia nyumba moto. Watu 35 walikufa katika mji na mkoa wake. Msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue, kazi ya karne ya 13, ulipoteza sehemu kubwa ya rangi yake. Kwenye kuta za mitaa hiyo kuna vibao vidogo vya mawe vinavyoonyesha maji yalifika wapi, na vingi viko juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Vibao hivyo vinampa mnunuzi habari ambayo hatasoma katika tangazo lolote: apartema ya chini yenye bei nzuri iko chini ya mstari.

Parsele moja, wanunuzi wawili

Katika miji ya mashariki ya Kongo, karibu kila jamaa ina hadisi ya parsele iliyouzwa mara mbili. Mtu ana karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie, mwingine ana karatasi yake, na siku ya kuanza msingi wanakutana pale wote wawili na mafundi wao. Sheria ya 1973 ilitaka kumaliza mabishano hayo kwa kusema haki inasimama tu juu ya cheti cha kuandikisha, kile certificat d'enregistrement, na kwamba cheti hicho kikipita miaka miwili hakishambuliwi tena. Lakini wengi hawafiki mpaka kwenye cheti.

Italia inajua ujanja huo tangu zamani, na jibu lake ni daftari. Kila uuzaji wa nyumba unaandikwa katika daftari la mali zisizohamishika, na ikiwa mtu mmoja aliuzia watu wawili, anayeshinda ni yule ambaye mkataba wake uliandikwa kwanza katika daftari, hata kama mwingine alinunua mbele yake. Ndiyo maana notari anachunguza daftari kabla ya siku ya kutia sahihi: ni nani mwenye nyumba, je iliwekwa rehani kwa banki, je kuna kesi, je kuna mjane ao mtoto mwenye haki ya kukaa ndani. Notari si avoka wa upande mmoja. Ni afisa wa umma, na kwa kawaida anachaguliwa na kulipwa na mwenye kununua. Mwenye kuuza akisema ana notari wake wa kuharakisha mambo, mnunuzi anaruhusiwa kukataa.

Safari yenyewe ina vituo vitatu. Mgeni anaanza kwa kuomba codice fiscale, namba ya kodi, ambayo bila hiyo hakuna mkataba wala umeme. Kisha anaandika pendekezo la kununua. Hapa wengi wanaanguka: karatasi hiyo ya ofisi ya komisionere inaonekana ndogo, lakini mwenye kuuza akiikubali, inamfunga mnunuzi. Kituo cha pili ni compromesso, mkataba wa kwanza, ambapo arubuni inatolewa, mara nyingi asilimia 10 ao zaidi. Arubuni inayoitwa caparra confirmatoria ina meno pande mbili. Mnunuzi akivunja neno, anaipoteza. Mwenye kuuza akivunja, anarudisha mara mbili. Mkataba huo wa kwanza nao unaweza kuandikwa katika daftari, na kwa mtu anayekaa mbali ni gharama yenye faida, kwa sababu tangu siku hiyo hakuna anayeweza kumpita kwa nyuma.

Kituo cha mwisho ni rogito, mkataba kamili unaosomwa kwa sauti mbele ya notari. Asiyejua Kiitaliano hawezi kutia sahihi kwa kutikisa kichwa: sheria ya manotari ya mwaka 1913 inataka mkalimani, ao mkataba ulioandikwa pia katika luga anayoelewa ikiwa notari anaijua. Notari anayejua Kifaransa anapatikana kwa urahisi kuliko anayejua Kiswahili. Mwenye kuuza naye anapashwa kutangaza kwamba ramani ya nyumba iliyo katika kadasta inafanana na nyumba yenyewe. Bila tangazo hilo mkataba ni bure. Katika Florence, ambako bafu nyingi zilitengenezwa kwa siri katika kona za nyumba za kale, ramani na kuta hazipatani kila mara, na ni vizuri fundi mwenye diploma aingie na kipimo mkononi mbele ya arubuni, siyo kisha.

Tangu mwaka 2017 kuna kinga nyingine ambayo wanunuzi wachache wanaiomba. Pesa ya nyumba inaweza kubaki katika konti ya pekee ya notari mpaka mkataba uandikwe katika daftari. Mwenye kuuza analipwa kisha hapo. Kwa mtu ambaye jamaa yake ilikwisha kulia juu ya parsele, kuomba kinga hiyo ni halali yake.

Pesa inapita wapi

Hesabu sasa. Mfano wa apartema ya mita 60 za mraba inayouzwa kwa euro 270,000, mwenye kuuza akiwa mtu binafsi. Kodi ya kuandikisha haihesabiwi juu ya bei hiyo, ikiwa mnunuzi ni mtu binafsi naye na akiomba hivyo, lakini juu ya thamani ya kadasta, ambayo kwa kawaida iko chini sana. Kama pato la kadasta la nyumba hiyo ni euro 700, mtu anayeifanya kuwa nyumba yake ya kwanza na kuhamisha makao yake Florence ndani ya miezi 18 atalipa asilimia 2 ya euro 80,850, ni kusema euro 1,617. Anayenunua na kubaki mkaaji wa Kongo atalipa asilimia 9 ya euro 88,200, nazo ni euro 7,938. Wote wawili wanaongeza euro 100 za kodi ndogo mbili. Komisionere, akichukua asilimia 3 pamoja na kodi ya mauzo ya asilimia 22, anaondoka na euro 9,882. Notari anataka elfu kadhaa. Uraia hauingii katika tofauti ile ya 2 na 9. Kinachohesabiwa ni makao, na kutokuwa na nyumba nyingine iliyonunuliwa Italia kwa upendeleo huo huo.

Banki za Italia zinakopesha kwa kawaida hadi asilimia 80 ya thamani kwa mtu mwenye kazi na makao pale. Kwa asiyekaa Italia wanapunguza, na wengi wanakataa.

Lakini kwa jamaa za Kivu ugumu mkubwa ni kuhamisha pesa yenyewe. Kule nyumba inalipwa kwa dola mkononi, zikihesabiwa juu ya meza mbele ya mashahidi. Katika Italia, tangu Januari 2023, ni marufuku kulipa mkononi euro 5,000 ao zaidi. Mkataba wa nyumba unapashwa kuandika namna kila sehemu ya bei ililipwa, namba ya hawala ao ya cheki, na notari ana lazima ya kuuliza pesa imetoka wapi. Akiwa na shaka anatoa habari kwa mamlaka. Mfanyabiashara wa Goma ao Bukavu, ambaye banki yake ilifunga milango mwanzoni mwa 2025 na ambaye tangu hapo anauza na kununua kwa noti na kwa simu, anaweza kuwa na pesa safi kabisa na kukosa karatasi moja ya kuonyesha hivyo. Mbele ya notari wa Florence, pesa isiyo na karatasi ni kama haipo.

Wengine wanazunguka bei kwa kununua nuda proprietà, mali bila matumizi. Mzee anauza nyumba yake sasa, lakini anabaki kukaa ndani mpaka kifo. Mnunuzi anaipata siku hiyo. Bei inashuka kufuatana na umri wa mzee: akiwa kijana zaidi, nyumba ni rahisi zaidi. Hakuna ubaya wa kisheria katika biashara hiyo, na wazee wengi wa Italia wanaishi kwa pesa yake. Katika desturi za Kongo, kumsalimia mzee kila mwaka huku ukingojea nyumba yake kungehitaji maelezo mengi kwa wajomba.

Wengi wanaofanya kazi katika mji huo wamekwisha kuacha katikati kwa watalii. Wanatafuta Isolotto, Novoli, ao mji wa Scandicci, ambao tramu inauunganisha na stesheni kubwa ya Florence. Kule kuna shule, soko, lifti, na nyumba za miaka ya 1960 na 1970 ambazo hakuna mtalii anayezipiga picha. Kitu kimoja cha kuuliza pale ni deni la jengo: mwenye nyumba mpya anaweza kudaiwa malipo ya pamoja ambayo mwenye kuuza hakulipa, ya mwaka unaoendelea na ule uliotangulia.

Kisha ufunguo kutolewa, kunabaki kodi ya kila mwaka inayoitwa IMU. Anayekaa katika nyumba yake ya kwanza halipi, isipokuwa nyumba za anasa. Mwenye nyumba anayeishi ngambo analipa, tarehe 16 Juni na tarehe 16 Desemba, hata kama madirisha yalibaki yamefungwa mwaka mzima.